Kodeini ya Wifi

Wifi yangu alivunjika mguu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, dakika chache tu baada ya mimi kumwambia asipande kwenye ile stuli. Hilo la kumwambia nilimkumbusha mara nyingi sana siku zilizofuata, na ndilo jambo la kwanza linalonitia haya kila ninapoikumbuka habari hii.

Alikuwa anashusha jora la kitambaa cha sare za shule kutoka juu ya kabati. Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe. Nikasikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti yake, ya kawaida kabisa:

"Wifi, njoo ucheke."

Nikaenda. Sikucheka. Mguu wa kushoto ulikuwa umeelekea upande ambao mguu hauelekei, na yeye amelala chali, jora limemfungukia, kitambaa cha bluu kimemfunika hadi kidevuni kana kwamba kuna mtu amemtandikia.

"Si nilikwambia?" nikasema.

"Uliniambia. Sasa niite gari."

Wakati ule tulikuwa wawili tu katika nyumba hii. Wazazi wangu walituachia mimi na kaka yangu: vyumba viwili vya kulala, ukumbi, jiko la nyuma, na chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Kaka alikuwa fundi wa nyaya za simu. Watu walimwita Nguzo, kwanza kwa urefu wake, pili kwa sababu nusu ya maisha yake aliyamaliza juu ya nguzo. Mimi nilikuwa opereta katika ofisi hiyohiyo ya simu, nimevaa visikio masikioni, nachomeka waya huku na kuchomoa kule. Sikuolewa. Kaka alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu dada yangu ameolewa na simu, na mume mwenyewe hana mdomo wa kumjibu."

Yeye ndiye aliyemleta wifi. Wifi alikuwa mshonaji, na wateja wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Fundi. Alipoingia nyumbani alikiomba chumba cha mbele, akaweka cherehani yake dirishani, na kwa miaka ishirini na sita nyumba hii haikuwahi kuwa kimya mchana. Asubuhi ukisikia kanyagio la cherehani limeanza, ujue chai imeshanywewa. Likinyamaza, ujue kuna mteja anabishana kuhusu kiuno chake. Walijaliwa binti mmoja, akakua chini ya meza ya kukatia nguo, akasoma, akaolewa mbali.

Kisha kaka akafa. Ilikuwa mchana, mezani, viatu viko miguuni. Aliomba chumvi, nikageuka kuichukua, nilipomgeukia tena alikuwa ameshaondoka. Majirani wakaanza kuulizana kwa chinichini ni nani kati yetu atahama, mjane au dada. Hakuhama mtu. Hatukuwahi hata kulizungumza. Fundi alipumzika wiki tatu, ya nne akakaa kwenye cherehani, na baada ya miezi michache nikamsikia anaimba huku akishona. Niseme ukweli: niliposikia ule wimbo, moyo wangu uliingia ubaridi. Nikasema, kumbe mtu husahaulika upesi hivi.

Miaka miwili baadaye ndipo akaanguka.

Hospitalini walisema mfupa wa muundi umevunjika mahali pawili na kifundo kimeachia. Walitaka kumpasua na kumtia vyuma. Kabla ya upasuaji akaja kijana na karatasi, akauliza, "Mama anatumia dawa yoyote nyumbani?"

Nikajibu mimi. "Huyu? Hata panadoli anaiogopa."

Kijana akamtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama dari. Kijana akaandika.

Wodini alikaa siku nne. Walimchoma sindano za mofini na akalala vizuri, akaamka anatania wauguzi kuhusu mishono ya sare zao. Siku ya tano tukapewa magongo, karatasi ya kurudi kliniki, na vidonge vya kodeini vya kumeza kila baada ya saa sita. Nilihamishia kitanda chake chumba cha mbele, karibu na cherehani, apate kuona barabara. Nilidhani kazi imekwisha, kilichobaki ni mfupa kuunga.

Kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Sijui niyaeleze vipi maumivu yale, kwa kuwa hayakuwa yangu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ninachoweza kusema ni nilichokiona. Fundi, ambaye sindano ya cherehani iliwahi kumpenya kidole hadi kwenye kucha akaichomoa kwa koleo na kuendelea kupinda pindo, alikuwa anang'ata kona ya mto. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kila mara aliniuliza saa.

"Wifi, saa ngapi?"

"Saa tano."

"Kidonge?"

"Umekunywa saa tatu. Bado."

"Hakijafika mguuni, wifi. Kimepotea njia."

Siku za mwanzo nilicheka naye. Siku ya nne nikachoka. Siku ya sita nikaanza kufikiri vibaya. Nilikuwa nimesikia habari za watu wanaozoea vidonge vya maumivu mpaka wakawa hawawezi kuviacha, na kila mtu mtaani alikuwa na kisa chake. Mke wa mwenye duka la mkate alikuja kumtazama mgonjwa. Tulipofika mlangoni akaniambia kwa kunong'ona, "Shoga, vidonge vile viweke wewe. Shemeji yangu alianza hivihivi." Basi nikavichukua nikavifungia ndani ya kabati langu la nguo, ufunguo nikautia kwenye kamba shingoni. Nikawa naingia na kimoja mkononi na glasi ya maji, nasimama hadi ameze, kama askari jela.

Fundi alinyoosha mkono, akameza, akarudisha glasi. Siku moja tu ndipo aliponiambia, "Wifi, ungenipa chaki ya kushonea ingekuwa sawasawa." Nikamjibu kwamba wenzake wodini walipewa hizohizo na leo wanatembea.

Binti yake alipopiga simu Jumapili nilimwambia yote kwa sauti ya chini kutoka jikoni.

"Shangazi, mama si mtu wa kudeka," akasema.

"Watu hubadilika, mwanangu."

Hayo nayo niliyasema. Nayakumbuka neno kwa neno. Kazi yangu ilinifundisha kushika maneno ya watu, na sikuwahi kujua namna ya kuyasahau ya kwangu.

Siku ya kumi na mbili tukarudi kliniki. Daktari wa mifupa alikuwa mtu mwema mwenye foleni ndefu. Akautazama mguu, akasema kidonda ni kizuri na mfupa umekaa sawa. Akauliza maumivu. Fundi akasema, "Daktari, kama siku ya kwanza." Daktari akanitazama mimi, mimi nikainua mabega. Yale mabega! Daktari akaandika dawa nyingine ya maumivu, tramadoli, akasema ina nguvu zaidi kidogo, tujaribu.

Nilimrudisha Fundi nyumbani, nikamlaza, kisha nikatoka peke yangu na karatasi kwenda duka la dawa la kona. Mfamasia wa pale alikuwa binti mdogo, ana miwani mikubwa na koti jeupe lililomzidi mabega, mpya kazini, na wateja wengi walikuwa bado wanamuulizia mzee aliyekuwapo kabla yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipe hii, nina haraka."

Akaisoma. Hakuinuka. "Ni yako?"

"Ya wifi yangu. Amevunjika mguu. Alikuwa anapewa kodeini, anadai haimsaidii."

"Haimsaidii kidogo, au haimsaidii kabisa?"

"Anadai kabisa."

"Inamlaza usingizi?"

"Hata kusinzia hasinzii."

"Na choo chake?"

Nikashangaa swali hilo mbele ya mteja aliyekuwa nyuma yangu. "Choo chake kama saa ya ukutani. Kwa nini?"

Yule binti akaiweka karatasi mezani, akaondoa miwani na kuifuta kwa pindo la koti. "Mama, mtu akimeza kodeini siku kumi na mbili, tumbo hufunga, macho hulegea. Wengine hulalamika tumbo kuliko mguu. Yeye hana hata kimoja. Wodini walimchoma dawa gani?"

"Mofini."

"Ilimtuliza?"

"Alilala kama mtoto."

"Basi wifi yako hadanganyi," akasema.

Nilisimama pale na ule ufunguo shingoni, na nilihisi kana kwamba kila mtu dukani anauona.

Akanieleza taratibu. Alisema kodeini peke yake ni kama haina kazi. Ikimezwa, inafika kwenye ini, na humo kuna kitu kinaitwa kimeng'enya ambacho huigeuza kiasi chake kuwa mofini, na hiyo mofini ndiyo inayotuliza. Kuna watu wamezaliwa kimeng'enya hicho kwao hakifanyi kazi. Na kuna wengine wanacho kizuri kabisa, ila wanakunywa dawa nyingine inayokikalia, kisipate nafasi ya kuigusa kodeini. Dawa inaingia kodeini na inatoka kodeini.

"Anatumia dawa gani nyingine?"

"Hakuna. Naishi naye nyumba moja, najua hata anapiga chafya mara ngapi."

"Muulize, mama."

"Nimekwambia hakuna."

"Muulize tu, kwa upole. Hii tramadoli siwezi kuitoa kabla sijajua. Nayo inahitaji kugeuzwa vilevile, na ikikutana na dawa nyingine fulani fulani haiishii kutofanya kazi tu, inaweza kumletea degedege. Muulize, uje na jibu, mimi nitampigia daktari."

Nilirudi nyumbani nimeubeba ule upole alionipa. Ulifika nami hadi mlangoni.

"Wifi, kuna dawa nyingine unakunywa?"

Fundi aligeuza uso kutoka dirishani. "Dawa gani?"

"Yoyote. Ya duka, ya mizizi, ya kunusa."

"Sina."

"Mfamasia anasema lazima iko."

"Basi mpe mfamasia mguu wake."

Pengine ilikuwa ni uchovu. Pengine ni ile aibu ya dukani iliyokuwa inatafuta mtu wa kumwangukia. Nikasema, "Sawa. Daktari muongo, mfamasia muongo, na kodeini yenyewe muongo. Mkweli duniani umebaki wewe. Kaka yangu alianguka kutoka juu ya nguzo, akavunjika mbavu mbili, akarudi kazini kabla mwezi haujaisha. Hatukumsikia hata akiguna."

Fundi akajiinua kwa viwiko. "Mimi nilimsikia," akasema. "Wewe ulikuwa unalala chumba cha pili. Mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja. Aliguna mwezi mzima, wifi. Alikuwa anajikaza kwa sababu yako, maana ulikuwa unamsifia kwa watu kwamba hana maumivu."

Nje mtoto alikuwa anapita anaburuta kijiti kwenye ukuta. Nikaketi kwenye kiti cha cherehani, ambacho hakikuwa na kawaida ya kukaliwa na mtu mwingine, na yeye hakunikataza.

"Nipe lile kopo la vifungo," akasema.

Kopo lilikuwa rafuni, nyuma ya pasi. Nikampa. Akazamisha vidole hadi chini, vifungo vikamwagika shukani, vyeupe, vyeusi, vya shaba, akatoa kifuko cha plastiki kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na vidonge vya ganda, nusu kijani, nusu njano.

"Vya nini?"

"Vya huzuni."



Alianza miezi minne baada ya mazishi. Alisema ilikuwa asubuhi, amekaa kwenye cherehani, ametia uzi, ameweka kitambaa, na akashindwa kukanyaga. Mguu haukuwa na tatizo lolote. Hakuona tu sababu ya kukanyaga. Alikaa hivyo mpaka adhuhuri, nami nilikuwa nimekwenda kuchukua pensheni. Siku ya pili vilevile. Wiki iliyofuata akaenda kliniki ya upande wa pili wa mji, mahali asipojulikana, akaongea na daktari mwanamke, akapewa vidonge. Tangu hapo alikwenda kila mwezi.

"Ulikuwa unaniambia unakwenda kununua uzi," nikasema.

"Na nilinunua. Kila nilipokwenda nilinunua roli moja, nisiwe muongo."

Nikageuka kutazama rafu. Nilikuwa nimeuona uzi ule mwaka mzima na zaidi, roli kwa roli, wa rangi ya kahawia, na nikajiuliza ni shule gani yenye sare za kahawia. Hakukuwa na shule ya hivyo mji mzima.

"Kwa nini kahawia?"

"Ndio uliokuwa karibu na mlango. Nilikuwa na haraka ya kurudi."

Tukacheka wote wawili, na katikati ya kile kicheko mimi nikaanza kulia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakutaka kusema. Nikamshikilia. Mwishowe akasema, "Unamkumbuka yule mwalimu wa jirani aliyekuwa akinywa vidonge hivi? Ulisema nini hapa mezani?"

Nilikumbuka. Nilisema akili zimemhama, na aliyebaki ni kiwiliwili tu kinachofundisha hesabu. Kaka alicheka. Fundi naye nadhani alicheka.

"Halafu kuna jambo jingine," akasema. "Wewe ulimpoteza mtu uliyezaliwa naye. Ulizika, ukafua mashuka, ukaendelea. Hukunywa kitu. Mimi nilimkuta ukubwani. Nikaona nitakuwa nimekupita kwenye msiba wako mwenyewe."

Na mimi muda wote ule nilikuwa nimemhesabia ule wimbo wa kwenye cherehani kama deni. Kumbe ndiyo siku dawa ilipoanza kumshika.

Nilivua ile kamba shingoni, nikaweka ufunguo mezani. Kisha nikachukua kifuko kile na kwenda nacho kwa mfamasia, mchana uleule, nikiwa bado na macho mekundu.

Aliposoma jina lililoandikwa kwenye vidonge alitikisa kichwa. "Ndicho hiki. Hiki kinakikalia kabisa kimeng'enya kile."

"Basi aache."

"La, mama! Asiache. Hiki hakiachwi ghafla, na hata akiacha leo kitabaki mwilini wiki kadhaa. Tena kinamsaidia, au sivyo?"

"Kinamsaidia," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumtetea.

Akampigia daktari nikiwa nimesimama hapohapo. Nilisikia upande wake tu wa mazungumzo, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni mateso. Mwishowe akafunga duka dakika ishirini, akaja nami nyumbani, maana alitaka kumweleza mgonjwa mwenyewe na si mjumbe. Alikuwa na haki.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akatazama huku na huku kutafuta namna ya kueleza. Macho yake yakaangukia cherehani.

"Mama, chukulia kodeini ni kitambaa. Mofini ndiyo nguo. Ini lako ndilo cherehani. Hiki kidonge cha kijani na njano kimekalia kiti cha cherehani, na hakina mpango wa kuinuka."

Fundi akafikiri. "Kwa hiyo wiki mbili hizi nimejifunika jora zima na bado niko uchi."

Yule binti alicheka mpaka miwani ikamshuka. Halafu akasema daktari amekubali dawa ibadilishwe: mofini ya maji, kiasi kidogo, kwa siku chache, kwani yenyewe haihitaji kushonwa na kimeng'enya kile.

"Mofini?" nikaruka. "Si ndiyo wanayopewa watu wanaokufa?"

"Wanapewa watu wanaoumwa, mama. Na kodeini ingefanya kazi yake, angekuwa amekunywa mofini hiyohiyo. Mmekuwa mkigonga mlango wa nyuma, na umefungwa kwa ndani. Sasa tunapita wa mbele." Kisha akawa mkali, akanionyesha kijiko cha kupimia na kunifanya nirudie maneno yake. Nisizidishe hata tone. Asipewe dawa ya usingizi juu yake. Nikimkuta amelala fofofo haamshiki, au pumzi zake zimekuwa chache, nimkimbize hospitali bila kungoja. Apewe na dawa ya kulainisha choo. Na kodeini iliyobaki nimpe aondoke nayo. Nilikwenda kabatini nikaitoa, yote, na sikumwambia ilikuwa imefungiwa wapi.

Alipokunywa mara ya kwanza ilikuwa saa tisa alasiri. Nilikaa kwenye kile kiti nikimtazama. Baada ya kama nusu saa mabega yake yalishuka. Sikuwa nimejua kwamba yalikuwa juu. Vidole vikaachia kona ya mto. Akatazama barabara, watoto wanatoka shule na zile sare alizozishona mwenyewe, akasema, "Yule wa tatu, pindo lake limefumuka," akalala.

Alasiri zile ndizo ninazozikumbuka kuliko miaka mingi mizima. Zilikuwa kama kumi. Baada ya hapo maumivu yalipungua yenyewe, mofini ikapunguzwa, ikaisha, akabaki na panadoli. Lakini alasiri hizo kumi nilikuwa napeleka chai chumba cha mbele, nafungua dirisha, na tunazungumza habari za kaka. Hatukuwa tumewahi. Miaka miwili kila mmoja alikuwa ameficha fungu lake, mimi chumbani mwangu, yeye kwenye kopo.

Nilimweleza jinsi kaka alipokuwa mdogo alivyoogopa ngazi. Hakuamini: Nguzo, kuogopa ngazi! Yeye akanieleza kwamba usiku wa harusi yao kaka alivua viatu, na soksi moja ilikuwa yangu. Nilimtajia siku kaka alipompiga picha baba amelala mdomo wazi. Akaniambia kaka alikuwa akilia kwenye taarifa ya habari na kusingizia mafua.

Siku moja nikapiga moyo konde, nikaungama. Nikamwambia kwamba zamani zile, kaka alipokuwa akimchumbia, akiwa kazini mbali huko juu ya nguzo, alikuwa anachomeka simu yake ya majaribio kwenye waya na kuniomba nimuunganishe na duka la vitambaa alilofanyia kazi Fundi. Nilimuunganisha. Lakini sheria ya kazi ni kwamba ukishaunganisha, utoke kwenye laini.

"Nilikuwa sitoki," nikasema. "Nilisikiliza kila kitu. Miezi saba."

Fundi akanywa chai yake. "Tulijua."

"Mlijua nini?"

"Ulikuwa unapumua, wifi. Kwa nguvu, kama mtu anapanda kilima. Kaka yako alikuwa ananiambia, 'Sema neno zuri kuhusu dada yangu, yuko hapa.' Ndiyo maana nilikuwa nikikusifu sana. Siku ile ya kwanza tulipokutana uso kwa uso nilikuwa nimeshamaliza sifa zote."

Nilicheka hadi nikamwaga chai kwenye sare za watu.

Mguu uliunga. Ulibaki mfupi kidogo, akawa anakanyagia cherehani mguu wa kulia, na mlio wa kanyagio ukabadilika, ukawa na kigugumizi. Vidonge vya huzuni aliendelea navyo mwaka mwingine mmoja, vikiwa mezani karibu na sukari, kila mgeni anaviona. Mke wa mwenye duka la mkate aliviuliza. Nikamjibu mimi, "Ni dawa. Shoga, wewe ukiumwa huwa unakunywa nini?" Kisha daktari wake akavipunguza polepole hadi vikaisha. Yule mfamasia naye tukamshonea koti jipya, la kumtosha mabega.

Fundi alikwenda kumsaidia binti yake alipojifungua, kwa miezi mitatu. Huu sasa ni mwaka wa tisa. Nilimwelewa. Kule kuna wajukuu wanne, huku kuna mimi. Cherehani aliichukua. Chumba cha mbele nimekiacha kama kilivyo, na mchana nikikaa humo nasikia barabara vizuri, jambo ambalo zamani halikuwezekana kwa ajili ya kelele yake. Laiti ningejua kwamba nitakuja kuitamani.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea. Amezeeka, na mimi nimezeeka, tukaonyeshana mvi. Waliniwekea kitanda chumbani mwake. Alasiri ya pili watoto walikuwa shuleni, nyumba imetulia, tumejilaza kila mmoja na kitanda chake, dirisha liko wazi. Alikuwa ameniona nikipanda ngazi.

"Wifi," akasema, "unaumwa wapi?"

"Goti," nikajibu. "La kawaida tu, la uzee."

Alikuwa anangoja, kama alivyokuwa akiwangoja wateja waache kubana tumbo ndipo awapime.

"Na kaka," nikasema. "Bado, wifi. Hasa mchana."

Nikasikia kitanda chake kikilia. Aliinuka, akauvuta ule mguu wake hadi kwangu, akaniambia nijisogeze.